Sapu Haipo: Kisa cha Mwanafunzi wa Mitandao Aliyebeba Boksi Usiku

Kuhusu kisa chenyewe

Kijana ninayemwandika nimempa jina la Kombo, ambalo si lake. Ni Mtanzania aliyesoma stashahada ya miaka miwili ya mifumo ya kompyuta na mitandao katika chuo cha kati huko Ontario, Kanada. Chuo sikitaji, mji siutaji, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyabadilisha ili asitambulike. Rasimu aliisoma mwenyewe, akafuta sentensi moja, mengine akayaacha.

Mimi ni fundi wa mitandao, niko huku miaka mingi kidogo, na vijana wanaofika kutoka nyumbani hunipigia simu wanapokwama. Kwenye kisa hiki sikuwa mtazamaji tu. Kuna ushauri niliutoa ambao ulimgharimu, na nitaueleza panapostahili.

Alikotoka

Kombo alimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, akasoma cheti cha TEHAMA kwa mwaka mmoja, halafu familia ikaamua kumpeleka nje. Ada ya mwaka wa kwanza, kama dola 16,000 za Kanada, ilitoka kwenye kiinua mgongo cha baba yake, mwalimu mstaafu. Dola 10,000 nyingine za kujikimu, kiasi ambacho Kanada ilikuwa ikikidai wakati ule kabla hakijapandishwa hadi 20,635 Januari 2024, zilichangwa na ukoo. Zile aliziweka benki ya huku kabla ya kusafiri, nayo ikawa inamwachilia kidogo kidogo kila mwezi. Ada ya mwaka wa pili haikuwa na mwenyewe. Makubaliano ya sebuleni yalikuwa kwamba "Mungu atafungua njia."

Kwenye cheti alichosoma nyumbani, maabara ilikuwa na swichi moja ya Cisco, kile kifaa cha kuunganishia kompyuta kwenye mtandao, na wanafunzi zaidi ya arobaini. Mwalimu alikuwa akiiinua juu darasani kama anayeonyesha kombe. Mazoezi yote waliyafanya kwenye Packet Tracer, programu inayoigiza mtandao kwenye skrini, na huko Kombo alikuwa hodari kwelikweli. Kugawa anwani za IP, zile namba za kutambulishia kompyuta mtandaoni, alikuwa akikupa jibu kabla hujamaliza swali: /26 ni anwani 64, za kutumia 62, basi.

Alifika mwishoni mwa Agosti 2022. Semesta ya kwanza akafaulu masomo yote sita, la mitandao akapata 78. Kazi alikuwa anafanya saa zisizozidi 20 kwa wiki, kama kibali cha kusoma kilivyoruhusu wakati huo, kwenye mgahawa karibu na anapoishi.

Ruhusa ya Novemba

Tarehe 15 Novemba 2022 serikali ya Kanada iliondoa kwa muda ule ukomo wa saa 20 kwa wanafunzi wa kigeni wanaofanya kazi nje ya chuo, kwa sababu waajiri walikuwa wanalia hawana watu. Habari ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata Kombo alikuwa ghalani, zamu ya usiku, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku tano kwa wiki. Kwa lugha ya Watanzania wa huku, alianza kubeba boksi.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kima cha chini Ontario kilikuwa dola 15.50 kwa saa. Kwa saa 20 ni 310 kwa wiki kabla ya makato, kwa saa 40 ni 620. Ada ya mwaka wa pili akaanza kuiona kwa mbali.

Ratiba ya Januari ndiyo haikumsikiliza. Maabara ya somo la swichi na ruta (kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine) ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa mbili asubuhi. Kutoka ghalani hadi chuoni ni basi mbili, saa moja na dakika ishirini kama theluji haijazuia njia. Katika vipindi vinane vya kwanza vya maabara alikosa vitano. Vitatu alivyohudhuria, anasema, kimoja alilala ameegemea raki, kabati la vifaa.

Hakuwa na wasiwasi, na sababu yake tulikuja kuijua baadaye: nadharia alikuwa anasoma kwenye basi, mazoezi anafanya Packet Tracer Jumapili, na likimshinda somo, alijua kuna sapu, mtihani wa marudio.

Saa mbili mbele ya raki

Mtihani wa vitendo wa nusu semesta ulikuwa katikati ya Februari 2023, dakika 120. Kila mwanafunzi alipewa swichi mbili, ruta moja na kompyuta tatu. Kazi ilikuwa hivi: safisha vifaa, tengeneza VLAN 10 na VLAN 20 (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi) kwenye swichi zote mbili, unganisha swichi kwa tranki (njia moja inayobeba VLAN zote), ruta igawe anwani kwa DHCP, yaani yenyewe bila kuandikwa kwa mkono, kompyuta zote ziwasiliane. Kwenye Packet Tracer alikuwa ameshafanya kitu kama hicho mara ishirini.

Alianza vizuri. Akachomeka kebo ya konsoli, akafuta mpangilio wa zamani kwa `erase startup-config`, akawasha upya. Akaanza na swichi ya kwanza: akaunda VLAN, akazipangia poti, yale matundu ya kuchomekea kebo; ya pili angeimalizia baada ya kuziunganisha. Dakika ya arobaini, kila kitu kwenye swichi hiyo kilikuwa kimekaa. Kisha akawasha tranki kati ya swichi mbili.

Kompyuta zilipoomba anwani, zikarudi na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe isipopata jibu la DHCP. Kombo akaenda moja kwa moja kwenye ruta. Akasoma mpangilio wa DHCP mstari kwa mstari, hauna kosa. Akaufuta, akauandika upya. Akabadilisha kebo moja, halafu ya pili, halafu zote. Akazima ruta na kuiwasha. Dakika hamsini ziliishia hapo.

Kilichokuwa kimetokea ni kitu ambacho Packet Tracer hakikumfundisha, kwa sababu kule kila swichi unayoiburuta kwenye skrini ni mpya. Swichi ya maabara imeshapitiwa na darasa la asubuhi, la jioni na la mwaka jana. Ukifuta `startup-config`, orodha ya VLAN haifutiki. Inakaa kwenye faili lake lenyewe, `vlan.dat`, ndani ya kumbukumbu ya flash. Swichi ya pili ilikuwa bado na VLAN za watu wengine, jina la kikoa cha VTP (utaratibu wa swichi kupeana orodha ya VLAN, ambapo yenye namba kubwa ya marekebisho ndiyo husikilizwa), na namba ya marekebisho kubwa. Swichi ya kwanza ilikuwa safi, haina jina la kikoa. Tranki ilipowaka, ile chafu ikaitangazia ile safi orodha yake, nayo ikaipokea kama mgeni anavyopokea maji ya kunawa. VLAN 10 na 20 zikatoweka kwenye ile safi. Poti alizokuwa amezipangia huko zikabaki zinaelekeza kwenye VLAN ambayo haipo, zikaacha kufanya kazi.

Amri moja tu, `show vlan brief`, ingemwonyesha hilo kwa sekunde tano. Hakuiandika, kwa sababu VLAN alikuwa "ameshazitengeneza." Wenzake waliohudhuria maabara zote walikuwa wameshaumwa na nyoka huyo wiki ya tatu; mwalimu aliwaachia makusudi wahangaike, kisha akawaonyesha `delete flash:vlan.dat`. Kipindi hicho Kombo hakuwepo.

Akapata 31 kwa 100.

Simu ya Jumapili

Alinipigia mwishoni mwa Februari, wiki ya mapumziko.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Nimechoka tu. Kaka, hivi sapu za huku zinafanyika mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia chuoni kwake sapu haipo. Ukifeli somo, unalirudia lote, unalilipia, na unasubiri lifundishwe tena. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekata.

Mwanafunzi wa Tanzania anazijua ngazi za kufeli: kuna sapu, kuna kerio (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), kuna kudisko (kuondolewa chuoni). Kula sapu si sifa, lakini ni mlango unaojulikana. Unarudi mapema, unafanya mtihani, unaendelea na wenzako. Kombo alikuwa amejenga miezi mitatu ya maisha yake juu ya mlango ambao kwenye jengo hili haukuwepo. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza tu, kwa kuwa mtu hauulizi mlango unaoamini upo.

Kwa baba yake alipiga wiki moja baadaye, na mazungumzo hayo alinisimulia. "Baba, kuna somo linanielemea." Mzee, mwalimu wa miaka zaidi ya thelathini, akajibu kwa upole: "Si utafanya sapu, mwanangu? Watu wanafanya sapu na wanakuwa madaktari."

Maamuzi ya Machi

Yalikuwepo maamuzi matatu, na yote yalitakiwa kufanyika kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha somo bila kuandikiwa kufeli.

La kwanza ni masomo mangapi ayaache. Yeye alitaka kudropu matatu: swichi na ruta, mfumo endeshi wa Linux, na uandishi wa programu kwa lugha ya Python. Hapo nilimzuia kwa nguvu, tukaenda pamoja ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kwa kipimo cha vyuo vya Ontario, mwanafunzi wa muda wote anabeba angalau theluthi mbili ya masomo ya semesta au asilimia 70 ya saa zake. Kati ya sita, chini kabisa ni manne. Akibaki na matatu si mwanafunzi wa muda wote tena, na hilo lina matokeo mawili: anapoteza ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo, na anahatarisha kibali cha kazi cha baada ya masomo, ambacho hudai uwe wa muda wote kila semesta isipokuwa ya mwisho. Mshauri wa ofisi ile, mama mmoja mtaratibu, alichora miraba sita kwenye karatasi, akakata miwili, akasema, "Mwisho hapa."

La pili ni yapi ayaache. Kombo akachagua swichi na Linux, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanamshinda. Nikakubali. Hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeshughulika na hesabu ya nne kwa sita hadi nikasahau kuomba ramani ya masomo. Somo la swichi lilikuwa sharti la masomo matatu ya semesta ya tatu, na lilifundishwa Januari tu, mara moja kwa mwaka. Python ilikuwa inafundishwa kila semesta na haikufungia lolote mbele. Angeacha Python na Linux, akaacha ghala, akakomaa na swichi kwa wiki saba zilizobaki, kufaulu kulikuwa bado kunawezekana: mtihani ule ulikuwa asilimia 20 tu ya alama za somo. Sisi tukaliacha somo gumu, likatuwekea ukuta wa mwaka mzima.

La tatu ni ghala. Alitaka kupunguza kutoka siku tano hadi tatu. Nikamwambia shida haikuwa idadi ya siku, ilikuwa usiku wenyewe. Aliacha katikati ya Machi, akapata kazi ya wikiendi, saa 15. Akahama chumba, akaingia kushirikiana besimenti na vijana wawili kwa dola 550 kwa mwezi.

Mwaka wa kuunganisha viraka

Masomo manne yaliyobaki alifaulu. Kuanzia hapo kila semesta ikawa hesabu ya kutafuta masomo manne yaliyo wazi. Septemba 2023: matatu ya semesta ya tatu yasiyohitaji swichi, pamoja na Linux. Januari 2024: swichi tena, pamoja na matatu ya semesta ya nne. Septemba 2024: yale matatu yaliyokuwa yamefungwa, na moja la semesta ya nne. Januari 2025: mawili ya mwisho. Jumla 24, Aprili 2025, mwaka mmoja baada ya wenzake.

Kwa mambo ya vitendo nilimnunulia swichi mbili zilizotumika za Cisco Catalyst 2960, dola 40 kila moja, makampuni yanazitupa. Zilikaa chini ya kitanda chake na feni zinalia usiku kucha, wenzake wa besimenti wakalalamika. Nilichofanya, na hiki najipongeza kidogo, ni kwamba kila Jumamosi nilizichafua kabla ya kumpa. Mara nimeacha kikoa cha VTP cha zamani, mara poti nimeizima, mara kebo nimeikata waya mmoja ndani ya kichwa chake. Simwambii nini. Nampa karatasi ya kazi na saa moja.

Wiki za mwanzo alikuwa anakimbilia palepale alipozoea, kwenye ruta. Kufikia Desemba akaanza kuangalia taa ya poti kwanza, halafu VLAN, halafu tranki, ndipo apande juu kwenye DHCP. Mtihani uleule wa vitendo, Februari 2024, akapata 84. Alama 16 zilizokatwa, nyingi ni za nywila aliyoiandika vibaya na akajifungia nje ya ruta yake mwenyewe.

Matokeo

Kibali chake cha kusoma kilikuwa kinaisha Julai 2024, siku 90 baada ya tarehe ambayo programu ilitakiwa kumalizika. Aliomba kuongezewa mwezi Mei, kabla hakijaisha, kwa hiyo akaendelea kusoma kihalali wakati anasubiri jibu. Ada ya maombi dola 150, na akatakiwa tena kuonyesha fedha; mjomba wake akaingia hapo.

Ukomo wa saa 20 ulirudi mwanzoni mwa Mei 2024, ukapandishwa kuwa saa 24 mwezi Novemba mwaka huohuo. Kombo haukumgusa, kwa kuwa mwaka ule alikuwa dawati la msaada la chuo chenyewe, na kazi ya ndani ya chuo haihesabiwi kwenye saa hizo. Alikuwa anabadilisha nywila za walimu na kuvuta kebo darini.

Kuchelewa kukamletea bili nyingine asiyoitarajia. Kuanzia 1 Novemba 2024, anayeomba kibali cha kazi baada ya masomo anatakiwa kuonyesha mtihani wa lugha. Kwa wahitimu wa vyuo vya kati kiwango ni CLB 5, ngazi ya tano ya vipimo vya lugha vya Kanada. Wenzake waliomaliza Aprili 2024 hawakuombwa kitu hicho. Yeye akalipia mtihani, akafaulu bila shida. Sharti jingine la siku hiyohiyo, la kwamba fani iwe kwenye orodha maalumu, halikumhusu kwa kuwa kibali chake cha kwanza cha kusoma aliombea kabla. Alipata kibali cha kazi cha miaka mitatu. Sasa ni fundi wa dawati la msaada kwenye kampuni ndogo. Swichi anazigusa mara moja moja. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, dola 300 za Marekani, bado hajaufanya.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kwenda ofisini Machi na si Mei. Kila kitu kilichookolewa baadaye, kibali cha kazi pamoja nacho, kilitegemea ule mraba wa nne kubaki bila kukatwa. Angedropu matatu kimyakimya kwenye tovuti ya chuo, na mfumo ungemruhusu, asingejua hadi siku ya kuomba kibali.

Kilichofeli kwa upande wangu nimeshakisema. Siku hizi kijana akinipigia, kabla ya kuuliza alama naomba karatasi ya mpangilio wa masomo, tunachora mishale: lipi linafungua lipi, lipi linafundishwa mara moja kwa mwaka. Somo lenye mishale mitatu halidropiwi hata kama linauma. Lisilo na mshale ndilo la kutupa baharini.

Kuhusu maabara, sidhani tatizo lilikuwa uvivu, wala Packet Tracer si kifaa kibaya. Kombo alikuwa anajua mtandao kama unavyotakiwa kuwa. Maabara inafundisha mtandao kama ulivyoachwa na mtu aliyekutangulia, na maarifa hayo hayasomeki kwenye basi. Wanafunzi wetu wengi wanafika wakiwa wazuri sana kwenye la kwanza na hawajawahi kupewa nafasi ya la pili. Swichi moja kwa watu arobaini haiwezi kuwapa. Kwa hiyo vipindi vya kwanza vya maabara, ambavyo vinaonekana vyepesi na vya kurudia, kwao ndivyo vya gharama kubwa kuvikosa.

Kisha kuna ile ruhusa ya Novemba, na hapa mimi na Kombo hatujakubaliana hadi leo. Nimemfanyia hesabu. Saa 20 za nyongeza, kwa 15.50, kwa wiki kama 12, ni dola 3,720 kabla ya kodi. Semesta moja ya ziada pekee ilimgharimu zaidi ya 8,000, achilia mbali ile ya mwisho aliyolipia kwa somo, na mwaka mzima wa mshahara wa fundi alioukosa.

Anaitazama karatasi, anakubali kila namba. Halafu ananiambia: "Kaka, hesabu yako imeanza Februari. Kodi ya nyumba ya Januari nilikuwa naidaiwa Januari."

Sina jibu la hilo. Kwenye makubaliano ya sebuleni, ile Januari haikuwa na jina la mtu.